Matundu Kwenye Foili

Kaka yangu mkubwa anauza karatasi za foili. Naanza na hilo kwa sababu nyumbani kwetu kila jambo huanza na hilo. Ukiuliza ukuta wa nyuma ulijengwa kwa pesa gani, utaambiwa za foili. Jicho la Mama lilitibiwa kwa pesa gani, za foili. Na ukiuliza kwa nini mimi, mwanamke mzima mwenye cherehani yangu na wateja wangu, bado nainuka kwenye kochi kubwa kaka akiingia, jibu ni hilohilo. Anazileta kwa makontena, anaziuza kwa mahoteli na kwa wapishi wa shughuli, na akianza kuzisifia utadhani anasifia mtoto aliyefaulu mtihani. Mtaani wanamwita Bosi. Mimi usoni namwita Kaka. Kisogoni namwita Mng'ao, na mkisikia yaliyotokea mtaona nimemhurumia.

Ndoa ilinishinda, nikarudi nyumbani, nikapewa chumba cha mbele kinachotazama barabara. Ndimo ninamoshonea. Nikiacha mlango wazi naona sebule yote na nusu ya jiko, nitake nisitake. Watu wa nyumba hii wamewahi kuniambia nina macho makali. Kama wangekuwa na aibu kidogo ya kufunga mlango wao, nisingeona chochote.

Mama ndiye aliyeifanya foili kuwa dini. Majiko yamevishwa foili. Rimoti ya televisheni imevishwa foili, mpaka ukitaka kubadilisha chaneli unabonyeza kwa kubahatisha. Kopo la sukari, vyungu vya maua, mguu wa meza uliovunjika, vyote vinang'aa. Hatupi karatasi iliyotumika. Anaifuta kwa kitambaa, anaikunjua kwa kiganja, anaiweka droo ya jikoni isubiri zamu nyingine. Kwake yeye friji ni ya watu wasiokuwa na foili. Chakula kikishafunikwa kwa foili, alikuwa akituambia, hakioti ukungu, hakichachi, hakiingii mdudu wala husuda. Mng'ao alimnunulia maikrowevu, Mama akaingiza sahani iliyofungwa foili, cheche zikaruka, moshi ukatoka, plagi ikayeyuka ukutani. Tulikaa kikao juu ya jambo hilo. Kikao kikaamua kwamba umeme wa siku hizi haufai.

Ndani ya nyumba hiyo ndimo mdogo wangu wa mwisho alimoleta mke. Huyu mdogo wangu sote tunamwita Kitinda, kwa sababu ni kitinda mimba na kwa sababu hajawahi kufanya jambo la kumpa jina jingine. Anahesabu makatoni kwenye stoo ya kaka yake. Ni mpole, ana sauti nzuri, watoto wanampenda. Wanawake wengi huona upole wa namna ile wakadhani ni wema. Wifi yangu naye alidhani hivyo.

Wifi alikuwa mpishi. Kabla ya kuolewa alipika kwenye kantini ya kiwanda, chakula cha watu mia na ushee kila mchana, na alikuja kwetu na visu vyake mwenyewe vimeviringishwa kwenye kitambaa. Mimi nilimpenda kwa sababu ya visu vile. Mtu anayebeba zana zake anajua thamani ya mikono yake. Alipanga kufungua mgahawa mdogo karibu na stendi, na alikuwa ameshaanza kupikia watu kwa oda: leo keki ya harusi, kesho chakula cha ofisi. Jina lake lilikuwa limeanza kutembea mbele yake mtaani, na ndilo mtaji pekee aliokuwa nao.

Kosa lake la kwanza alilifanya wiki aliyoingia. Alimwambia Mama, kwa adabu zote, kwamba mchuzi wenye nyanya au ndimu au chumvi nyingi haufai kuguswa na foili, na zaidi kama uko kwenye chombo cha chuma, kwa sababu karatasi italika na chakula kitaharibika ladha. Akasema pia kwamba chakula cha moto hakifungwi na kuachwa mezani. Kinapoozwa kidogo, kinawekwa kwenye bakuli lenye mfuniko, kinaingia friji. Foili ni nzuri, alisema, kwa kuokea samaki mkavu au kuzuia mkate usiungue juu, mradi ujue mahali pake. Alisema yote hayo huku anamenya vitunguu, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Mama alicheka kwa meno tu.

"Mkwe wangu," alisema, "nyumba hii imesimama kwa foili. Ukiona mahali imekosea, ujue ni wewe hujaizoea."

Kuanzia siku hiyo alikuwa amewekewa alama. Wifi akawa anapika anavyojua na kuhifadhi anavyojua, na Mama akawa anapita nyuma yake kufunua na kufunika. Nyumba yetu imejaa watu wanaofuta kazi ya wenzao na kuita kusaidia.

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe. Mng'ao alitaka kuwapata wenye mahoteli wakubwa wanunue kwake foili pamoja na trei mpya za stili alizoanza kuleta. Badala ya kuwaita dukani kama watu wenye akili, akaamua kuwaalika nyumbani chakula cha mchana, waone bidhaa ikifanya kazi. Mpishi alikuwa yupo, tena wa bure. Wifi akapika nyama ya ng'ombe kwenye mchuzi mzito wa nyanya na ndimu, akaipika siku moja kabla kwa sababu nyama ya namna ile ikilala inakolea. Alipoipua aliiacha ipoe, akaigawa kwenye mabakuli ya kioo yenye mifuniko, akaisukuma ndani ya friji. Akatoka kwenda kununua matunda.

Jioni hiyo nilikuwa nakunja pindo la gauni la bi harusi. Nikamwona Mama anatoka jikoni na trei za stili, moja baada ya nyingine, zimejaa nyama ileile. Alizipanga kwenye meza ya sebuleni. Akakata foili, akafunika, halafu akaanza kuikandamiza kwa vidole mpaka ikashika umbo la kila pande la nyama, akaikunja kingo zake kwenye ukingo wa chuma ikakaza. Alitaka ing'ae na ionekane imebana, kama kwenye picha za katoni. Nilimuuliza kama chakula hakirudi friji. Akaniambia nishone. Nyama ikakaa pale sebuleni, na joto lile, tangu jioni hadi mchana wa siku ya pili.

Wageni walikuja wamevaa vizuri. Alikuwepo mama mmoja mwenye hoteli ya ghorofa kule juu, mwanamke mzito wa maneno machache, na wengine wakimtazama yeye kujua wacheke wapi. Mng'ao alisimama mezani na kutoa hotuba kuhusu usafi. Kisha akashika ncha ya foili kwa vidole viwili, akaifunua taratibu, akaiinua juu ili wote waione. Dirisha lilikuwa nyuma yake. Mwanga ukapita kwenye foili kama kwenye chekeche, matundu madogo madogo karatasi nzima, na chini yake juu ya nyama kulikuwa na madoa meusi ya kijivujivu, kila pande na doa lake. Na harufu ilikuwa imeanza kuwa na neno la kusema.

"Pilipili manga," alisema Mng'ao, na akacheka peke yake.

Mama mwenye hoteli aliligusa doa moja kwa uma, akautazama uma, akauweka chini. Akaomba mkate. Wote wakaomba mkate. Sijawahi kuona watu wenye mahoteli wakipenda mkate mkavu kiasi kile. Aliyekula ni Mjomba peke yake, kaka wa Mama, ambaye husema anakula kulinda heshima ya familia na kwa kweli hula kwa sababu ana tumbo lisilokataa. Alirudia sahani, akarudia tena, akiwaambia wageni kwamba hawajui kinachowapita. Wageni wakaaga mapema, na foili haikununuliwa hata robo ya roli. Kabla jua halijazama Mjomba alikuwa hatoki chooni, na kesho yake alikuwa amelazwa, ametundikiwa dripu, amepungua sauti.

Daktari alisema ni chakula kilichokaa nje muda mrefu. Alisema kwa Kiswahili, mbele ya Mama, mimi nikiwepo. Mama akamjibu kwamba haiwezekani, kilikuwa na foili. Daktari wa watu akamtazama, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mlitarajia nini baadaye? Kwamba familia itakaa chini na kusema, tumekosea, tulikiacha chakula mezani? Nyie hamjaijua familia yangu. Foili ikikosea, kaka amekosea. Na kaka akikosea, ukuta wa nyuma na jicho la Mama na mshahara wa Kitinda vyote vimesimama juu ya kosa. Lilihitajika kosa la mtu mwingine, mtu asiyelisha mtu. Kikao kiliitwa sebuleni. Mng'ao alikaa kwenye kochi kubwa na kusema kuna mkono umeingia. Mama akasema madoa yale aliyaona kwa macho yake, na kwamba tangu azaliwe hajaona nyama inaota madoa yenyewe. Mtu ametia kitu, alisema. Mtu ambaye tangu siku ya kwanza aliichukia bidhaa ya nyumba hii na kuisema vibaya.

Wifi alikuwa amesimama karibu na mlango wa jiko, mikono imelowa. Alieleza tena, polepole, yale aliyoeleza wiki aliyoolewa. Akauliza nani aliihamisha nyama kutoka friji. Mama akasema aliihamisha yeye, na kuifunika yeye, na kwa hiyo kama si foili kuizuia sumu isisambae, watu wangekufa. Naapa alisema hivyo. Mng'ao akatikisa kichwa kukubali, mtu mzima mwenye kontena bandarini.

Wifi akamtazama mumewe.

Kitinda alikuwa akikwaruza doa la rangi kwenye suruali yake kwa ukucha. Alipoona sote tunamtazama alisema kwamba yeye hasemi lolote, kwamba labda ni bora mkwe wenu, hakusema hata mke wangu, labda ni bora apumzike kwao kidogo mpaka Mjomba apone na ukweli ujulikane. Alisema kwa sauti yake ileile nzuri. Kikao kikashukuru busara yake.

Ninajua maana ya kurudishwa kwenu. Mimi nilirudi kwa miguu yangu na bado wapo wanaopunguza sauti nikipita. Lakini mimi nilirudi na cherehani, na hakuna anayeogopa kuvaa gauni la mwanamke aliyeachika. Mpishi akishaitwa mtia sumu, nani atakula mkononi mwake? Kabla hajafungasha, maneno yalikuwa yameshafika mtaani. Sijui ni Mama aliyeyabeba au Mng'ao, maana wote wana miguu myepesi kwa mizigo ya namna hiyo. Oda ya keki ikarudishwa. Jirani ambaye kila siku hutuma mwanawe kuazima chumvi kwetu alianza kwenda kuazima nyumba ya pili. Mgahawa wa karibu na stendi ulikufa kabla haujapata hata meza. Wifi alikaa ukingoni mwa kitanda anaviringisha visu vyake kwenye kitambaa.

Hasira ilinipanda. Nikaenda jikoni, nikafungua droo ya Mama, na foili ya siku ile ilikuwemo, imefutwa, imekunjuliwa, inasubiri zamu. Trei moja ambayo Mjomba hakuifikia ilikuwa bado haijaoshwa, imesukumwa nyuma ya jiko na nyama imeganda ndani, kwa sababu hakuna aliyetaka kuigusa sumu. Nikaiweka foili juu ya trei, nikalinganisha mikunjo ya kingo, kama ninavyolaza karatasi ya mkato juu ya kitambaa. Vikalingana vyote. Kila tundu lilikaa juu ya doa lake. Pale foili ilipokuwa imeinuka bila kugusa nyama, hapakuwa na tundu wala doa. Mtia sumu gani huyo, mwenye sindano na subira, anayetoboa juu ya kila pande la nyama na kuyaruka mabonde?

Niliwaita waone. Mama alikataa kusogea, akasema na mimi nimeanza kulogwa. Mng'ao alisogea, akaangalia, na nikaona ameelewa. Masikio yake huwa yanamsaliti. Akaniambia natukana mkate ninaokula. Nikamwambia mkate naununua kwa cherehani, lakini tuyaache hayo, tufanye jaribio. Mama apike mchuzi uleule kwa mikono yake, nyanya, ndimu na chumvi. Nusu iingie kwenye trei ya stili, ifunikwe kwa foili mpya kutoka katoni ambayo kaka atafungua mwenyewe, ikandamizwe vilevile. Nusu nyingine iingie kwenye bakuli la kioo, foili iwekwe juu bila kugusa chakula. Wifi asiondoke kwanza, ila asitie mguu jikoni. Vyombo vyote viwili vifungiwe kwenye stoo ya hapa nyumbani, na ufunguo akae nao Mama, kiunoni kama anavyopenda.

"Kama foili yako haina kosa, Kaka," nilimwambia, "unaogopa nini?"

Mwenye majivuno humfungi kamba. Unamsifia mlango naye anaingia mwenyewe. Alisema haogopi kitu. Aliifungua katoni kwa kishindo, akakata karatasi, akaibana kwenye trei kwa ufundi kuliko Mama. Nilimwangalia anavyopapasa kingo zile, nikafikiri: mtu huyu amekaa na kitu kimoja miaka yote hii na hajawahi kukiuliza swali.

Kesho yake mchana tukakusanyika, hata Mjomba aliyetoka hospitali amejifunga blanketi, kwa kuwa hangekubali kukosa. Mama akafungua stoo. Mng'ao akafunua bakuli la kioo kwanza: mchuzi mwekundu, safi, foili nzima. Akafunua trei. Hakuinua foili juu safari hii. Hapakuwa na haja, tuliyaona matundu kutoka tulipokuwa, na madoa chini yake, yaleyale, kwenye mchuzi uliopikwa na mama yake, ukafungiwa na mama yake, kwa karatasi aliyoikata mwenyewe.

Wifi aliitwa kutoka chumbani kwake. Hakushangilia, mimi ningeshangilia. Alisema tu kwamba ile si sumu ya mtu, ni karatasi yenyewe imeliwa na ukali wa nyanya na chumvi, ikisaidiwa na chuma cha trei. Haiui mtu kwa mlo mmoja, alisema, inaharibu chakula. Kilichomlaza Mjomba ni nyama kukaa mezani kwenye joto, na hiyo hata ingefunikwa kwa dhahabu ingechacha. Kisha akaliokota boksi la foili kutoka kwenye katoni, akaligeuza upande wa nyuma, akaweka kidole kwenye onyo lililochapwa pale. Mng'ao aliinama kusoma. Ameuza maboksi ya kujaza uwanja wa mpira, na nadhani ile ndiyo siku aliyojua kwamba yana maandishi upande wa pili.

Mngedhani mtu angesema samahani. Mng'ao alisema huenda katoni ile ilipata unyevu bandarini. Mjomba alisema yeye tangu mwanzo hakumshuku mtu, alinyamaza tu kwa sababu ya dripu. Mama alijifunga upya kitenge chake, na kwa sauti ya mtu anayesamehe, alisema yaishe, nyumba ni moja, yasichimbuliwe. Kisha akaamuru wifi aingie jikoni atupikie, tule pamoja, mtaa uone kwamba hatuna tatizo. Walimfukuza kwa kikao, wakamrudisha kwa njaa.

Niliwaza atakataa. Wifi alisimama kidogo, akamtazama mumewe, na uso wake ukalegea. Niliuelewa uso ule. Alikuwa ameshasafishwa mbele ya wote, na sasa alitaka kitu kimoja tu ambacho jaribio haliwezi kukupa. Akaingia jikoni. Akapika wali na maharage, chakula cha kawaida kabisa, akapakua kila mtu sahani yake, akamwekea Kitinda ya mwisho, iliyojaa, akakaa mkabala naye bila kujipakulia.

Mama alikula haraka, ili aonekane. Mng'ao alikula kwa sababu alikuwa na njaa. Mjomba, mliyedhani amejifunza, alishaanza kufuta sahani kwa kidole. Mimi nilikula na chakula kilikuwa kizuri.

Kitinda alinawa. Akavuta sahani. Akachukua kijiko, akayageuza maharage upande mmoja, akayageuza upande wa pili, akayainua kidogo kwenye mwanga wa dirisha, akayarudisha. Akamtazama Mama anavyotafuna. Akamtazama Mjomba. Akajisugua paji la uso akasema chakula bado cha moto sana. Sote tulikuwa tunakila. Chumba kizima kilijua anasubiri nini. Alikuwa anasubiri kuona kama kuna mtu ataanguka.

Wifi alinyoosha mkono, akaivuta sahani ile mbele yake. Akaanza kula. Alikula bila haraka, kijiko baada ya kijiko, wali na maharage na mchuzi uliobaki chini, macho yake yakiwa kwa mumewe muda wote. Alipomaliza alikiweka kijiko ndani ya sahani na kujifuta mdomo.

"Sasa una hakika," alimwambia. "Na mimi nina hakika."

Akaenda chumbani. Begi lilikuwa bado halijafunguliwa tangu kikao, kwa hiyo hakuchelewa. Mama akaanza kusema wasichana wa siku hizi hawana uvumilivu, Mng'ao akawasha televisheni. Wifi alipita katikati ya sebule na begi mkono mmoja, visu mkono wa pili, akaniaga mimi peke yangu, akatoka kwa mlango wa mbele, mtaa ukiona.

Kitinda alibaki kwenye kiti, mikono aliyonawa imekauka. Baada ya muda aliniuliza, kwa sauti yake nzuri, kwani yeye amefanya kosa gani, na mbona hakumtuhumu kwa neno hata moja.

Nikamwambia kwenye sufuria kumebaki chakula, akajipakulie.

Hakuinuka.